Chebet, Ulifika Kabla Yake

Karama, Dubai
Ijumaa jioni

Mwanangu Chebet,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako na nyumba imetulia. Mabegi yako nimeyasogeza ukutani ili tuweze kupita. Sitakuandikia habari za kula vizuri, wala za kufunga mlango wa hosteli, wala za kumpigia nyanya yako simu ukishatua. Hayo nimeyarudia mpaka umeanza kuyamalizia wewe mwenyewe kabla sijafika mwisho wa sentensi. Nimekaa hapa mezani kwa sababu kuna jambo nimeshindwa kukuambia uso kwa uso. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa nikiwauliza watu maswali wasiyotaka kujibu, kwa hiyo naujua uso wa mtu anayekwepa. Miezi hii nimeuona kwenye kioo.

Nitaanzia mbali kidogo, kwa yule mcheza kriketi wa zamani uliyemwita mzungu wangu wa marehemu.

"Mathe, mzungu wako wa marehemu ameshindaje leo?" ungeniuliza ukiingia, mkono tayari kwenye friji.

"Ametolewa mapema. Hakupata hata mkimbio mmoja."

"Pole yake. Mwambie afanye mazoezi."

Tulicheka sana siku zile. Nataka nikumbuke kwamba tulicheka.

Jina lake Edwin Wexcombe, na alikuwa babu wa baba yake Sir, mwenye jarida letu. Sir alitaka kitabu kidogo cha maisha yake, cha kuwagawia ndugu zake watakapokutana Uingereza, akanipa mimi kazi hiyo kwa kuwa ndimi mwandishi wake, wa michezo na wa habari nyingine. Nikaanza kusoma magazeti ya zamani ambayo siku hizi unaweza kuyafungua kwenye kompyuta, pamoja na barua ambazo dada yake Sir alizipiga picha na kunitumia. Mama wa Eldoret, anayekaa Karama, anafuatilia kikohozi cha Mwingereza wa enzi za Malkia Viktoria. Nilikiona kichekesho chake, lakini kazi ni kazi, na nikiri kwamba niliipenda.

Wexcombe alikuwa mtoto wa mtengenezaji wa pombe. Alipelekwa shule ya gharama, akajifunza Kilatini vibaya na kriketi kwa wastani. Aliichezea timu ya jimbo lake majira machache ya kiangazi, aghalabu pale wachezaji bora walipokuwa wamekwenda kuwinda. Waandishi wa wakati wake walimwita "mchezaji wa kutegemewa". Mimi ninayeandika najua sifa hiyo hupewa nani: mtu ambaye hujapata jingine la kumsifia. Alioa binti wa kasisi, akanenepa, akawa hakimu wa mji wake, akafuga nguruwe walioshinda zawadi kwenye maonyesho, akafa kitandani mwake. Hakuwa mtu mbaya. Ulijue hilo kabla sijaendelea.

Kilichonivutia ni desturi za mchezo wao. Timu moja ilikuwa na watu wa aina mbili. Walikuwepo waungwana kama Wexcombe, waliocheza kwa kujifurahisha, na walikuwepo waliocheza kwa mshahara, watoto wa wafumaji na wachimba makaa. Walivaa nguo nyeupe zilezile na kuupiga mpira uleule, lakini vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa mbalimbali, na katika viwanja vingi hata lango la kuingilia uwanjani halikuwa moja. Kwenye karatasi ya mchezo muungwana aliandikwa "Bwana" fulani. Wa mshahara aliandikwa jina tupu. Nahodha alikuwa muungwana, hata kama mpira unampiga yeye zaidi ya anavyoupiga.

Nilikusimulia haya ukiwa unamenya chungwa. Ukaniuliza, "Kwani ni Mirdif?"

Ulikuwa umenishinda hapo. Tumeziona nyumba za Mirdif, mtaa anakokaa Sir, sote wawili: mlango mkubwa mbele kwa ajili ya sir na madam, na kimlango cha pembeni, karibu na mapipa ya taka, cha dada wa kazi na dereva.

Sasa naingia kwenye ile Ijumaa. Nitaiandika kana kwamba hukuwepo: nani, wapi, nini. Sijui namna nyingine ya kuandika, na nikianza kuipamba nitakimbilia kujitetea.

Timu ya jarida letu ilicheza na watu wa kiwanda cha uchapaji kwenye kile kiwanja cha mchanga nyuma ya Mirdif, mkeka wa kijani umetandikwa katikati, ndege zikishuka juu ya vichwa vyetu. Tulipungukiwa mtu mmoja, ukaja wewe, msichana peke yako kati ya wanaume, na hakuna aliyekushangaa zaidi ya mpira wa kwanza uliopiga. Mwamuzi alikuwa mmoja tu, mimi, na kofia yangu pana. Sir alikuwa anapiga upande mmoja, wewe upande wa pili, karibu nami.

Kanuni yenyewe hata mtoto anaielewa. Wapigaji wawili wanasimama kila mmoja kwenye mwisho wake, nyuma ya mstari. Mpira ukipigwa wanabadilishana kwa kukimbia. Wakijikuta wote wawili mwisho mmoja, na vijiti vya mwisho mwingine vikaangushwa kwa mpira, mmoja lazima atoke. Aliyetangulia kufika anabaki. Aliyekuja nyuma yake ndiye anayetoka.

Sir aliupiga mpira pembeni akapaza sauti, "Yalla, njoo! Njoo!" Ukaja. Yeye akapiga hatua chache, akaona mpira umeshaokotwa, akasimama, akageuka. Wewe ulikuwa umevuka katikati na hukuwa na pa kurudi. Ukatelezesha gongo lako ndani ya mstari wa upande wake. Yeye akarudi nyuma yako. Vijiti vya upande wangu vikaanguka.

"Nani ametoka? Madam, nani?" wale wa kiwandani wakapiga kelele.

Nilikuwa natazama moja kwa moja. Jua lilikuwa mgongoni mwangu. Hakuna aliyenizibia.

Sir alinitazama tu, akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

Nikasema, "Chebet."

Ukanijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, ili usinivunjie heshima mbele ya watu. "Mama, nimefika kwanza."

"Nenda."

"Mama..."

"Khalas, Chebet. Nenda ukakae."

Ukaenda. Chini ya hema Ami Suleiman, mpiga picha wetu, alikuwa ameshavaa pedi za miguuni akisubiri zamu yake. Unamjua, Mzanzibari aliyezaliwa papa hapa Dubai na ambaye hajawahi kuacha jambo lipite bila kulisemea. Alipopishana nami akaniambia, "Bibie, macho yako leo umekuja nayo au umeyaacha nyumbani yakiangalia sufuria?"

"Nilichokiona ndicho nilichokisema."

"Haya, mwalimu. Mimi nipige picha tu." Akacheka, na waliosikia wakacheka.

Ndani ya gari uliniuliza tena. Hukuwa umekasirika. Ningependa ungekuwa umekasirika.

"Mama, nataka kujua tu. Nilichelewa?"

"Ulichelewa."

"Kwa kiasi gani?"

Nikatoa mkono mmoja kwenye usukani nikakuonyesha kwa vidole. Nilikupimia nafasi ambayo haikuwepo, nikaipima vizuri, si kubwa wala si ndogo, kwa namna ambayo mtu angeamini. Hicho ndicho nisichoweza kujisamehe. Uwanjani nilikuwa na sekunde moja tu ya kuamua. Ndani ya gari nilikuwa na muda wa kutosha, nami nikautumia kuupa uongo wangu kipimo.

Tulivuka daraja la Garhoud. Kisha ukasema, kama mtu anayejisemea, "Basi macho yangu mimi ndiyo mabaya."

Wiki ile niliandika habari fupi ya mchezo kwenye ukurasa wetu wa mwisho. Nikaandika kwamba ulitoka "baada ya kutoelewana kidogo na mwenzake". Ukaisoma, ukanirudishia jarida. Siku zilizofuata nilikusikia ukikimbia kwenye kijia cha mbele ya jikoni na mpini wa fagio mkononi, ukiuchomeka chini kwenye mpaka wa vigae, ukirudi, ukiuchomeka tena. Ulikuwa unajifunza kufika mapema zaidi. Nilikuwa nakata vitunguu. Niliendelea kukata.

Baadaye, nikiwa nimerudi kwa Wexcombe, nilikutana na mtu anayeitwa Job Tansley. Alikuwa mmoja wa wale wa mshahara, mpigaji mzuri kuliko Wexcombe kwa kila hali. Siku moja walikuwa wakipiga pamoja. Wexcombe akaita, Tansley akaja, Wexcombe akageuka, wakajikuta wote mwisho mmoja. Gazeti kubwa la jimbo liliandika kwamba kulitokea kutoelewana kidogo baina ya wapigaji, na Tansley akatoka. Gazeti jingine dogo, ambalo mwandishi wake nadhani alikaa upande wa lango la akina Tansley, liliandika kwamba Tansley alikuwa amefika salama, lakini alimpisha muungwana "kama ilivyo ada".

Niliposoma maneno ya lile gazeti kubwa niliinuka nikafungua dirisha. Yalikuwa maneno yangu. Kuna mwandishi fulani, amelala kaburini miaka mingi, aliyeyatafuta na kuyaokota palepale nilipoyaokota mimi.

Msimu uliofuata Tansley hayumo kwenye timu. Sijui kama ni kwa sababu ya mchezo ule. Anaweza kuwa aliumia, anaweza kuwa alipata kazi kwingine. Sitakuambia nisichokijua. Ninachokijua ni kwamba Wexcombe alicheza tena, na magazeti yakaendelea kumwita wa kutegemewa.

Unaweza kusema nilikuwa na sababu. Mwajiri wangu ni Sir, na vibali vyetu vya kukaa hapa, changu na chako, viko chini ya kampuni yake. Baba yako nilipomsimulia kwa simu, tena kwa kuchagua maneno, alisema hivyohivyo: "Ungefanyaje? Huyo ndiye kafeel wako, mdhamini wako." Nimeigeuza sababu hiyo pande zote kama ninavyoigeuza taarifa ya polisi, na haisimami. Sir hakuniomba. Hakunitisha, hata hakukunja uso. Sikuwahi kumwona akimfukuza mtu kwa sababu ya mchezo. Jina lako lilinitoka kabla sijawaza kibali wala mshahara, kwa wepesi uleule ninaoubana nao mgongo ukutani kwenye korido za ofisi ili mkubwa apite. Nilikuja mji huu nikiwa mtu mzima na hakuna aliyenifundisha hilo. Nilijifunza mwenyewe kwa kutazama wengine, na nilipolijua vizuri nikadhani ni adabu.

Mambo yangeishia uwanjani, labda ningeyafukia. Lakini ukaenda kufanya mafunzo ya kazi hotelini, na jioni moja ukarudi ukanisimulia habari ya Nakato, mhudumu mwenzako.

Ulisimulia ukiwa unavua viatu. Mgeni mmoja wakati wa kifungua kinywa alirudi nyuma ghafla akiongea na simu, akalipiga sinia la Nakato, vyombo vikamwagika, mkewe akaungua mkono kwa chai. Mgeni akasema yule msichana Mganda alimgonga. Msimamizi akakuuliza wewe, kwa kuwa ulikuwa umesimama karibu kuliko mtu yeyote.

"Ukasemaje?" nikakuuliza.

"Nilisema labda sikuona vizuri."

"Na uliona?"

Uliinua mabega. "Nilidhani niliona ni yule mgeni aliyerudi nyuma. Lakini si unajua macho yangu, Mama."

Ulisema bila kunichoma, kama mtu anayetaja kwamba maziwa humdhuru. Nakato akaondolewa ukumbini akapelekwa chumba cha kufulia mashuka, na onyo likaandikwa. Mimi nilikumiminia chai. Nilikuuliza kama unataka sukari, Chebet, na ninajua umekuwa ukinywa chai bila sukari tangu shule ya msingi.

Usiku huo ndipo nilipoelewa nilichokichukua kwako. Mchezo mmoja wa Ijumaa si kitu. Nilikunyang'anya uhakika wa macho yako, nao ndio mali pekee ya mtu anayesimama karibu na jambo likitokea. Kazi yangu yote imejengwa juu ya watu waliothubutu kusema "nilikuwepo, niliona". Nimewabembeleza, nimewafuata mpaka makwao, nimewaandika kwenye kurasa za mbele. Kisha nikamchukua mtoto wangu mwenyewe nikamfundisha kusema labda.

Hata baada ya kuelewa, sikusema. Nilijiambia nitasubiri umalize mitihani. Ukamaliza. Nikasema nisubiri barua ya chuo cha Nairobi ije. Ikaja. Mtu akiniambia hivi kwenye mahojiano huwa natabasamu na kumngoja amalize.

Leo asubuhi nilipokuambia nakwenda sokoni, nilikwenda Mirdif. Nilipoegesha gari nikajikuta natembea kuelekea kimlango cha pembeni. Nikarudi nikabonyeza kengele ya mbele. Sir alikuwa bustanini anakata matawi makavu ya waridi. Tuliongea Kiingereza, lakini nakupa maneno yenyewe.

"Sir, ile siku tuliyocheza na watu wa kiwandani. Chebet alikuwa amefika. Wa kutoka ulikuwa wewe."

Aliacha kukata. "Najua, Rebecca."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nimesimama pale nikisubiri unitaje niondoke. Ulipomtaja yeye nilishangaa." Akafikiri kidogo. "Kisha nikafurahi kwamba bado napiga. Nadhani ilikuwa hivyo."

"Na hukusema kitu."

"Wewe ndiye uliyekuwa mwamuzi."

Ningemtaja, angeondoka akinung'unika kidogo, angekula sambusa chini ya hema na Jumapili angeniuliza habari za kurasa. Nilikutoa kafara kwa mtu ambaye hakuhitaji kafara.

Kisha nikamwambia kwamba habari ya Tansley inabaki kitabuni. Aliwahi kunitaka niiondoe, kwa kuwa haiwasaidii ndugu zake kumkumbuka vizuri mzee wao, na nilikuwa nimeiondoa. Nilikuwa nimeiondoa, Chebet, bila hata kubishana. Leo nimemwambia nimeirudisha.

"Familia haitaipenda."

"Basi kitabu kitoke bila jina langu. Lakini bila Tansley mimi sikitoi."

Alitazama mkasi wake. "Tutaongea Jumapili ofisini," akasema. Madam akatoka kuniuliza kama nitakunywa kahawa. Nikasema asante, sitakunywa.

Kwa hiyo sijui Jumapili itakuwaje. Naweza kukuta meza yangu kama nilivyoiacha, naweza kuambiwa nitafute kwingine. Usilibebe hilo kwenye ndege. Na usinisifu kwa hilo pia. Kusema ukweli wakati mtoto wako ameshapata kibali cha kuondoka ni ushujaa wa bei ya chini, nami nimejionea tofauti yake na ule mwingine, ambao ulitakiwa siku ile kwenye mchanga.

Sasa hiki ndicho nilichokaa kukiandika. Ulifika. Gongo lako lilikuwa ndani ya mstari na Sir alikuwa bado anageuka. Haikuwa karibu. Haikuwa jambo la watu wawili wenye akili kutofautiana. Uliona sawasawa, ukanena sawasawa, na mtu aliyekukatalia alikuwa ameona hichohicho ulichokiona. Hayo mengine yote niliyokuambia baadaye, ndani ya gari, mezani, mlangoni kwako, ni uongo, na ni wangu.

Sikuombi msamaha kesho. Kwenye uwanja wa ndege kila mtu husamehe kwa sababu ya haraka na machozi, kisha hujikuta huko mbele bado ana hasira na haoni tena ruhusa ya kuwa nayo. Hasira yako nenda nayo. Ukitaka kunipigia simu kutoka Nairobi uniambie ulichonyamaza nacho, nitapokea, na sitakukatiza.

Kuhusu Nakato sitakuambia la kufanya. Nimeshakuambia mengi ya uongo kwa sauti ya mtu anayejua. Nitakupa tu habari nilizozithibitisha, maana leo baada ya Mirdif nilipita pale hotelini. Bado yuko chumba cha kufulia. Lile onyo halijafutwa. Msimamizi ni yuleyule, na kesho ataingia kazini asubuhi. Ndege yako ni ya jioni.

Gari nimelijaza mafuta. Nitakupeleka popote utakaponiambia, na sitakuuliza kama una uhakika.

Mamako